Mkono wa mtu: nadharia za njama kuhusu wanamuziki wa roki wa miaka ya 1960

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, kichwa nimekiinamisha, siwezi kwenda popote. Simu ya kinyozi ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya spiriti mbele ya kioo, na humo sauti nzito ya Kiswahili ilikuwa ikisimulia huku muziki wa kutisha ukilia chinichini. Baba wa mwanamuziki mmoja wa Marekani, ilisema, ndiye aliyekuwa kamanda wa zile manowari zilizoanzisha vita vya Vietnam. Mwanawe akapewa kazi ya kuwaharibu vijana kwa muziki na dawa za kulevya. Kazi ilipokwisha, "wakamwondoa". Au labda hakufa, yuko mahali anazeeka.

Mashine ikasimama katikati ya utosi wangu. "Kaka, unaona lakini dunia inavyoendeshwa?"

Nilishindwa kumjibu pale pale, na si kwa sababu ya nywele zilizokatwa nusu. Tatizo ni kwamba sehemu ya yale aliyoyasikia ni kweli tupu, sehemu ni uongo, na sehemu ni ukweli uliobandikwa mahali pasipo pake. Hadithi za namna hii ni kama mchele wa gunia: kuumwaga wote ni hasara, kuupika ulivyo ni kuvunja meno. Unahitaji ungo na subira.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo mabishano mengi yanapoharibikia. Njama ni watu wawili au zaidi kupanga kwa siri jambo la kumdhuru mtu au kuvunja sheria. Njama zipo, kila wiki mahakamani kuna anayesomewa shtaka la kula njama. Uvumi ni habari inayotembea bila mwenyewe: ukimuuliza aliyekuambia, naye aliambiwa. Nadharia ya njama ni kitu cha tatu. Ni maelezo kwamba tukio fulani lilisukwa na kundi la siri lenye nguvu, na kwamba kila unachokiona juu juu ni pazia tu. Tofauti yake na uvumi ni kwamba uvumi ukikosa mashiko hufa wenyewe, wakati nadharia ya njama ina kinga mwilini. Ukileta ushahidi wa kuipinga, ushahidi wako unageuzwa kuwa sehemu ya njama, na wewe unaulizwa umelipwa na nani.

Sisi tuna jina fupi zaidi: mkono wa mtu. Tajiri akianguka bafuni, kuna mkono wa mtu. Mwanamuziki akinunua gari jipya, amejiunga na Freemason. Akifa mwaka unaofuata, wamekuja kuchukua chao. Na anayetaka kukufunga mdomo hukutupia methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naipenda methali hiyo, lakini tukubaliane kwamba ni methali nzuri sana kwa mtu asiyetaka kuulizwa ameitoa wapi habari yake.

Sasa zama zenyewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani na Uingereza walianza kuyakataa maisha ya wazazi wao: nywele wakafuga, bangi wakavuta, vita wakavipinga, ndoa na kazi za ofisini wakazicheka. Mtaani waliitwa mahipi, na muziki wa roki ndio uliokuwa redio yao, gazeti lao na hata msikiti wao. Wapo waliofika huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lamu ilijulikana kama kituo cha mahipi wa Ulaya na Marekani. Na hofu dhidi ya vijana haikuwa ya Marekani peke yake. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana tarehe 1 Januari 1969, kupambana na mini, wigi na suruali za kubana. Serikali za kibepari na za kijamaa hazikuwa na mengi ya kukubaliana wakati ule, ila zote ziliweza kumtazama kijana mwenye nywele ndefu na kuona suala la usalama.

Kumbuka pia hali ya hewa ya Marekani yenyewe. Rais Kennedy aliuawa 1963, Malcolm X 1965, Martin Luther King Aprili 1968, Robert Kennedy miezi miwili baadaye. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1968 alikuwa ameona viongozi wanne wakipigwa risasi kabla hajapata kazi ya kudumu. Kumwambia mtu huyo kwamba mambo hutokea tu kwa bahati mbaya kulihitaji ujasiri.

Maiti aliyevua viatu

Hadithi nyepesi kuliko zote ndiyo inayoonyesha vizuri mashine inavyofanya kazi, kwa hiyo tuifungue hiyo kwanza. Inasema hivi: Paul McCartney wa kundi la Beatles alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1966. Wenzake wakaficha kifo, wakamtafuta mtu anayefanana naye, wakamweka mahali pake. Kisha, eti kwa majuto, wakaanza kuacha dalili kwenye majalada ya santuri na ndani ya nyimbo ili mashabiki wagundue wenyewe. Mtu anaficha maiti miaka mitatu halafu anachora ramani ya kaburi kwenye bidhaa anayoiuza duniani kote!

Uzuri wa hadithi hii ni kwamba tunajua ilivyokua, karibu siku kwa siku. Tarehe 17 Septemba 1969 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Drake, jimbo la Iowa, lilichapisha makala ikiuliza kama Paul amekufa. Tarehe 12 Oktoba msikilizaji alipiga simu kwenye kituo cha redio cha Detroit, akamwambia mtangazaji Russ Gibb acheze kinyumenyume kipande cha "Revolution 9" ya Beatles ambapo sauti inarudiarudia "nambari tisa" kwa Kiingereza. Gibb akacheza, na wasikilizaji wakaapa kwamba wamesikia mtu akisema "niwashe, ewe maiti".

Siku mbili baadaye, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan aitwaye Fred LaBour, aliyepangiwa kuhakiki Abbey Road, albamu mpya ya Beatles, kwenye gazeti la chuo chake, aliamua kuandika tanzia. Alichukua dalili zilizokuwa zikizungumzwa, akaongeza nyingine kutoka kichwani mwake, akambatiza yule mtu wa kuchukua nafasi ya Paul jina la William Campbell. Lilikuwa la kubuni kabisa. Hadi leo utakuta watu wanalitaja jina hilo kwa uhakika wa mtu aliyesoma naye darasa moja.

Tazama jalada la Abbey Road kwa macho ya waumini. Picha ilipigwa tarehe 8 Agosti 1969: wanaume wanne wanavuka barabara kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. John Lennon kavaa nyeupe, huyo ni kasisi. Ringo Starr kavaa nyeusi, huyo ni wa kampuni ya mazishi. George Harrison kavaa jinzi, mchimba kaburi. Paul yuko peku, basi ni maiti. Nyuma yao kuna Volkswagen ya mgongo wa kobe ambayo namba yake inaishia na 28IF, na "if" kwa Kiingereza ni "kama": angekuwa na miaka 28 kama angekuwa hai.

Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza nilimwonyesha mama yangu mdogo, mtu wa Pangani, bila kumweleza chochote, nikamuuliza: kati ya hawa, maiti ni yupi? Hakusita. Alimwekea kidole Lennon. "Si huyu mwenye sanda?" Kwa mtu aliyekulia kwenye maziko ya Kiislamu, nyeupe ndiyo nguo ya safari ya mwisho, na kuvua viatu ni adabu ya kuingia ndani tu. Dalili haikuwa kwenye picha. Ilikuwa kwenye jicho la mtazamaji, na jicho likibadilika, maiti naye anabadilika.

Kuhusu namba ya gari, Paul alizaliwa tarehe 18 Juni 1942. Fanya hesabu: albamu ilipotoka Septemba 1969, alikuwa na miaka 27, si 28. Ungedhani hapo mchezo umekwisha. Waumini wakajibu kwamba kuna wahenga wa Kihindi wanaohesabu na ile miezi ya tumboni. Hiyo ndiyo kinga niliyoisema mwanzo. Na zile nyayo? Katika baadhi ya picha zilizopigwa asubuhi ile ile Paul ana viatu vya wazi miguuni. Ulikuwa Agosti, kulikuwa na joto, akavivua.

LaBour aliitwa Hollywood kutoa ushahidi kwenye kipindi cha televisheni kilichoigiza kesi, wakili maarufu F. Lee Bailey akiwa muulizaji. Kwa simulizi lake mwenyewe, kijana huyo alimwambia wakili kabla ya kurekodi kwamba mambo yale aliyatunga. Akajibiwa kwamba kuna kipindi cha saa nzima cha kujaza, kwa hiyo waendelee. Ukitaka kuelewa biashara ya simulizi za simu ya kinyozi wangu, jibu hilo linatosha.

Hatimaye jarida la Life liliwafuata Paul na familia yake kwenye shamba lao Scotland, likamweka kwenye jalada la tarehe 7 Novemba 1969 na maneno ya kusema kwamba bado tunaye. Mashabiki wakaishika karatasi ile mbele ya taa. Upande wa pili kulikuwa na tangazo la gari, na mwanga ulipopenya, gari likaonekana limepita juu ya mwili wa Paul. Kumbe ushahidi wa uhai nao ni ushahidi wa ajali.

Sikio linalosikia lililoambiwa

Kabla hujamcheka yeyote, sikiliza langu. Utotoni tulikuwa na redio kaseti, na kaseti tulizizungusha kwa kalamu ya Bic ili kubana betri. Binamu yangu mmoja, fundi wa kuharibu vitu, alifungua kaseti ya mjomba kwa bisibisi, akaupindua utepe, akaifunga tena ili icheze kinyumenyume. Kabla hajabonyeza alituambia: "Sikilizeni hapo mwisho anapomwita shetani." Ikalia ile sauti ya mtu anayemeza maneno badala ya kuyatoa. Shetani akaitwa. Tulitoka mbio hadi uwanjani, na mjomba aliporudi tulipigwa kwa makosa mawili, kaseti na uzushi.

Kosa la binamu, au tuseme ujanja wake, lilikuwa kutuambia kabla. Wanasaikolojia wawili wa Kanada, John Vokey na Don Read, walilichunguza jambo hili hasa na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Watu waliosikilizishwa sauti za kinyumenyume bila kuelezwa chochote hawakuweza kutambua maana iliyomo. Walipotajiwa maneno ya kutafuta, wakaanza kuyasikia. Ubongo hauvumilii kelele tupu; ukipewa kiolezo unajaza.

Unaweza kujaribu leo. Jirekodi ukisema "nami" polepole, kisha tumia programu ya simu kuicheza kinyume. Itatoka kitu kama "iman". Ukimwambia mwenzako asikilize neno "imani", ataisikia, na ile "i" ya mwisho ambayo haipo ataiongeza mwenyewe bila kukuomba ruhusa.

Ishirini na saba

Nadharia ya pili inayozunguka sana ni ya umri wa miaka 27. Brian Jones wa Rolling Stones alikufa tarehe 3 Julai 1969, Jimi Hendrix tarehe 18 Septemba 1970, Janis Joplin tarehe 4 Oktoba 1970, Jim Morrison tarehe 3 Julai 1971. Wote walikuwa na miaka 27. Baadaye wakaongezeka Kurt Cobain mwaka 1994 na Amy Winehouse mwaka 2011. Orodha hiyo inatisha, sikatai. Vifo vinne vya wanamuziki wakubwa ndani ya miaka miwili, umri mmoja.

Mwaka ule aliokufa Winehouse, watafiti waliandika kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Walichukua wanamuziki 1,046 waliokuwa na albamu iliyoshika namba moja Uingereza kati ya 1956 na 2007. Kati yao 71 walikuwa wamekufa. Hapakuwa na mlima wowote kwenye umri wa miaka 27. Walichokikuta, ambacho wasimuliaji hawakisemi, ni kwamba wanamuziki maarufu wenye umri wa miaka ya 20 na 30 walikufa mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wa kawaida wa umri huo. Hatari ipo kweli, ila haina tarehe. Ina chupa, vidonge, sindano, safari za usiku na watu wengi karibu wasiothubutu kumwambia mwenye pesa aache.

Na vifo vyenyewe viliacha mianya. Daktari mchunguzi wa London hakutamka kama kifo cha Hendrix kilikuwa ajali au vingine. Aliacha hukumu wazi. Morrison alikutwa bafuni kwenye nyumba aliyopanga Paris. Daktari akaandika moyo, polisi hawakuona dalili ya kuuawa, kwa hiyo mwili haukupasuliwa, na habari ilienea baada ya kuzikwa. Mtu maarufu kiasi kile, kuzikwa kimyakimya vile? Akili inadai kifo chenye ukubwa wa marehemu. Mtu mkubwa afe kwa jambo dogo kama kupaliwa na matapishi au moyo uliochoka, haikubaliki. Sharti awepo aliyemmaliza.

Baba zao walikuwa wanajeshi

Sasa turudi kwenye simu ya kinyozi, maana aliyekuwa akisemwa ni huyo huyo Jim Morrison wa kundi la Doors. Baba yake, George Stephen Morrison, kweli alikuwa afisa mkubwa wa jeshi la maji, na kweli aliongoza kikosi cha manowari za Marekani kwenye Ghuba ya Tonkin Agosti 1964. Tarehe 2 boti za Vietnam Kaskazini zilishambulia meli ya Marekani. Tarehe 4 likatangazwa shambulio la pili ambalo halikutokea. Siku tatu baadaye Bunge likampa Rais Johnson mamlaka ya kupigana. Nyaraka za ujasusi zilizofunguliwa mwaka 2005 zilionyesha jinsi taarifa za usiku ule zilivyopindishwa. Kwa hiyo kinyozi wangu hakudanganywa hapo: vita vile viliongezewa kuni kwa habari isiyo ya kweli.

Kinachofuata ndicho kinachoteleza. Agosti ile mwana alikuwa kijana wa miaka 20 anayesomea filamu Los Angeles, na Doors haikuwepo hadi mwaka uliofuata. Baba alimwandikia barua ya kumtaka aachane na uimbaji. Mwana naye aliacha kampuni yake ya muziki iandike kwamba wazazi wake walikuwa wamekufa, ilhali wako hai. Ukisoma haya kama njama, ni njama ya ajabu. Ukiyasoma kama ugomvi wa baba na mwana, kila mzazi wa kijana mwenye gitaa anaielewa.

Waenezaji hawaishii kwa Morrison. Wanataja bonde la Laurel Canyon, Los Angeles, ambako wanamuziki wengi waliishi miaka hiyo, na kuhesabu waliokuwa na baba jeshini au kwenye kazi za serikali. Baba wa Frank Zappa aliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha jeshi cha silaha za kemikali huko Maryland. Tena kulikuwa na studio ya siri ya jeshi la anga juu ya bonde lile lile, Lookout Mountain, iliyotengeneza filamu za majaribio ya mabomu ya nyuklia tangu 1947 hadi 1969. Yote hayo ni kweli. Swali ambalo halijaulizwa ni dogo tu: kwani ni kijana gani wa Marekani aliyezaliwa miaka ya 1940 ambaye baba yake hakupita jeshini? Wamarekani wapatao milioni 16 walivaa sare katika Vita Kuu ya Pili, na kusini mwa California ndiko viwanda vya ndege za kivita vilikojaa. Kushangaa kuwakuta watoto wa wanajeshi pale ni kama kwenda Kilwa Kivinje ukashangaa kwamba wengi wana baba mvuvi, kisha ukahitimisha kwamba samaki ndio wanaoendesha mji.

Na kama kipimo ni mwanamuziki kuwa na uhusiano na dola, sisi tungekuwa taabani. Bendi zetu za dansi zilikuwa za dola waziwazi: Mwenge Jazz ya jeshi, Kimulimuli ya JKT, Polisi Jazz ya polisi, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya vijana wa chama. Serikali ililipa mishahara ya wapiga gitaa na hakuna aliyehitaji kugeuza santuri kinyume ili kugundua. Jina la mwajiri liliandikwa kwenye ngoma.

Zile zilizokuwa kweli

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wanaocheka kila nadharia ya njama. Serikali ya Marekani ilifanya mambo miaka ile ambayo, kama ungeyasimulia mwaka 1965, ungeambiwa umevuta.

Mwaka 1953 shirika la ujasusi la CIA lilianzisha mradi wa MKUltra, chini ya mkemia Sidney Gottlieb, kutafuta namna ya kutawala akili za watu. LSD, dawa inayomfanya mtu aone na kusikia yasiyokuwepo, iliwekwa kwenye vinywaji vya watu wasiojua. San Francisco kulikuwa na nyumba ambako makahaba walilipwa kuwaleta wanaume, wanywe, na jasusi awatazame kupitia kioo. Mwaka 1973 mkuu wa CIA aliamuru mafaili yachomwe. Mradi ungepotea kabisa, ila takriban nyaraka 20,000 zilisalia kwa kuwa zilihifadhiwa pasipo mahali pake, nyingi zikiwa za fedha: malipo, stakabadhi, hundi. Mwaka 1977 zilikuwa mezani mbele ya Seneti. Napenda sana jambo hilo. Siri kubwa ya majasusi ilifichuliwa na karatasi za mhasibu.

Je, ndiyo kusema CIA iliumba mahipi? Mwandishi Ken Kesey aliijua LSD akiwa mtu wa kujitolea kwenye majaribio ya hospitali ya Menlo Park, California, yaliyofadhiliwa na fedha za mradi huo. Robert Hunter, aliyeandika mashairi ya kundi la roki la Grateful Dead, naye alipitia majaribio ya aina hiyo. Kuanzia 1965 Kesey na wenzake waliandaa mikesha ya kunywa dawa hiyo huku Grateful Dead wakipiga, na hapakuwa na sheria ya kuizuia California hadi Oktoba 1966. Mfereji upo, unaonekana. Lakini ulikotiririkia siko kulikokusudiwa. Waliotaka dawa ya kuwatii watu walizalisha kizazi kisichomtii mtu yeyote. Mganga alimwagikiwa na kombe lake mwenyewe, na wasimulizi wa leo wanamsifu kwa kulilenga vizuri.

FBI, shirika la upelelezi wa ndani la Marekani, nayo tangu 1956 ilikuwa na mpango wa siri wa kuvuruga vikundi vya siasa: kupenyeza wapelelezi, kughushi barua, kugombanisha marafiki. Ulianza kufichuka tarehe 8 Machi 1971. Watu wanane walivunja ofisi ndogo ya FBI mji wa Media, Pennsylvania, wakachukua mafaili na kuyatuma kwa magazeti. Waliuchagua usiku huo kwa makusudi: Muhammad Ali alikuwa anapigana na Joe Frazier, na walijua hata mlinzi atakuwa na sikio kwenye redio. Wengi wao hawakujulikana hadi 2014.

Kisa hicho kinanilazimisha kuwa mkweli kuhusu hoja moja inayopendwa, kwamba siri haiwezi kudumu. Inaweza. Watu wanane walikaa na yao miaka 43. Ila walikuwa wanane, hawakuwa na mishahara, na uvunjaji wenyewe ulikuwa wa usiku mmoja. Kumbadilisha Paul McCartney kungehitaji ndugu, wake, madaktari, mapolisi, watoza kodi na mafundi wa studio kunyamaza kila siku hadi leo, bila hata mmoja wao kugombana na mwenzake kuhusu pesa. Hawa ni Beatles, waliofikishana mahakamani.

Kisha kuna Lennon. Mwaka 1972 Marekani ilikuwa inakwenda kwenye uchaguzi, na kwa mara ya kwanza wenye miaka 18 kote nchini wangempigia kura rais. Lennon, aliyekuwa akiishi New York, alizungumzia ziara ya muziki ya kupinga vita. Februari seneta Strom Thurmond aliiandikia serikali ya Rais Nixon kwamba kumfukuza nchini kungeondoa usumbufu mwingi; Machi taratibu za kumfukuza zikaanza, kisingizio kikiwa kesi ya bangi ya London ya mwaka 1968. FBI ilimfuatilia. Mwanahistoria Jon Wiener alipambana mahakamani miaka mingi kupata faili hilo, na kurasa za mwisho zilitolewa Desemba 2006. Usitarajie ya kutisha ndani yake. Kuna maneno ya nyimbo yaliyonakiliwa kwa bidii, na ripoti inayomtaja kasuku wa wanaharakati aliyezoea kudakia maneno ya kushangilia mazungumzo yakipamba moto. Dola kubwa duniani ilimwandikia kasuku ripoti.

Ukiziweka njama za kweli kando ya zile za kutunga, utaona hazifanani hata sura. Za kweli ni ndogo, za kizembe, zinaongozwa na watu wanaogombea bajeti, zinakosea mara nyingi, na huacha stakabadhi. Za kutunga hazikosei kamwe. Kila kitu ndani yake kimepangwa, hadi nyayo za Paul.

Wazee wetu waliwahi kuishi na mumiani. Wakati wa ukoloni, kuanzia pwani hadi Nairobi na Kampala, watu waliamini kwamba kuna wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya wazungu. Bara wengi waliwataja wazimamoto na magari yao mekundu. Hakuna aliyenyonywa. Lakini kodi ilichukuliwa, ardhi ilichukuliwa, vijana walichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita visivyowahusu. Watu walikuwa na hofu ya kweli, wakaipa jina lisilo lake. Vijana wa Marekani waliodanganywa kuhusu Tonkin, na kushuhudia zaidi ya wenzao 58,000 wakifa Vietnam, walikuwa na hofu yao pia. Sishangai walipoanza kusikiliza santuri kinyumenyume.

Nilirudi kwa kinyozi wiki hii, nikamweleza haya polepole wakati ananipaka spiriti kisogoni. Tonkin alifurahi kusikia ni kweli. MKUltra alinifanya niirudie mara mbili. Kuhusu Paul, nilimwambia kwamba mwaka 1993 mzee alitoa albamu yenye picha yake kwenye kivuko kile kile cha Abbey Road, safari hii akiwa na mbwa, na namba ya gari imebadilishwa kuonyesha kwamba ana miaka 51. Nikamwambia pia kwamba Juni 2022, wiki moja baada ya kutimiza miaka 80, alipanda jukwaani kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza.

Akafikiri kidogo, brashi mkononi. "Na zile nyimbo zake kubwa, alizitoa kabla ya hiyo ajali au baada?"

Nikamtajia: "Hey Jude" ni 1968, "Let It Be" ni 1970.

"Basi kaka," akasema, akinipangusa shingo, "huyo aliyewekwa badala yake alikuwa fundi kuliko marehemu."